Kindengereko na Kiswahili: Jamaa Wawili wa Mto Mmoja

Mchukwi imo katika nchi ya Kibiti, kaskazini ya mto Rufiji, katika eneo la Wandengereko. Katika nchi hiyo wazee bado wanacho Kindengereko kinywani, ilhali watoto wao na wajukuu wao husema Kiswahili. Kwa kuwa lugha mbili hizi zimekaa pamoja muda mrefu na maneno mengi yamevuka kutoka moja hadi nyingine, imezuka dhana kwamba ile ndogo ni Kiswahili kilichopinda, lafudhi ya shamba isiyostahili kuandikwa. Makala haya yanakusudia kuipima dhana hiyo kwa mizani ya historia.

Kwanza tutazame nasaba. Malcolm Guthrie, alipozipanga lugha za Kibantu, alikiweka Kindengereko katika kundi la P10 pamoja na Kirufiji na Kimatumbi. Kiswahili alikiweka kwingine, katika kundi la G40. Derek Nurse na Thomas Hinnebusch, katika kitabu chao cha mwaka 1993, walionyesha kuwa ndugu wa tumbo moja wa Kiswahili ni Kimijikenda, Kipokomo na Kingazija. Kindengereko, basi, si mwana wa Kiswahili wala si lahaja yake. Ni jamaa wa ukoo mmoja wa Kibantu, aliyezaliwa katika nyumba nyingine. Hata jina tunalolitamka kwa r, katika lugha yenyewe lina l: Kindengeleko.

Tofauti za nyumba hizi mbili huonekana katika neno dogo. Chukua neno letu ukambaa, ambalo wingi wake ni kambaa. Katika Kimatumbi, ndugu wa karibu wa Kindengereko aliyechunguzwa kwa kina na David Odden katika kitabu cha mwaka 1996, kamba ni lukaamba, na wingi wake ni ngaamba. Kiswahili kimeidondosha l ya mwanzo, kikabaki na u tupu. Katika wingi kimeipoteza n iliyotangulia k, na alama yake imebaki kuwa pumzi tu kwa wale wanaoitamka. Kimatumbi kimevihifadhi vyote viwili, na n yake imeilainisha k ikawa g. Basi ni nani hapa aliyepinda? Katika neno hili, anayeitwa mshamba ndiye aliyeshika urithi wa mababu kwa mkono imara zaidi.

Tena Kimatumbi kina irabu saba, sisi tunazo tano. Urefu wa irabu na toni hubadili maana, mambo ambayo Kiswahili kiliyaacha zamani kikashika mkazo wa silabi ya pili kutoka mwisho. Mshairi na alizingatie hilo. Mizani yetu huhesabu silabi bila kuuliza kama ni ndefu au fupi, na vina vyetu hutosheka na irabu tano. Lugha yenye irabu saba ingeweza kuzaa vina tusivyovijua.

Ama kuhusu historia, mfano mkubwa ni Vita vya Maji Maji. Habari za dawa ya Kinjikitile Ngwale wa Ngarambe zilienea kwa mnong'ono ambao Wamatumbi waliuita njwiywila. Kiswahili kilikuwa pia lugha ya maakida waliosimamia mashamba ya pamba ya Wajerumani. Kinjikitile alinyongwa Mohoro tarehe 4 Agosti 1905. Lakini kumbukumbu yake ilipotafuta wino, iliupata katika Kiswahili: utenzi wa Abdul Karim bin Jamaliddini wa Lindi uliochapishwa mwaka 1957, na tamthilia ya Ebrahim Hussein ya mwaka 1969. Humo katika tamthilia jina ni Kinjeketile. Kuyumba huko kati ya i na e ndiko kunakotarajiwa pale lugha ya irabu saba inapoandikwa kwa herufi za irabu tano.

Kiswahili hakikushinda kwa upanga pekee. Kilikuja na biashara ya boriti za mikoko ya delta, na madrasa, na shule. Kisha, baada ya mafuriko ya mwaka 1968, Operesheni Rufiji ya mwaka 1969 iliwahamisha watu kutoka bondeni na kuwakusanya katika vijiji vipya. Watu wa lugha mbalimbali walipokuwa majirani, Kiswahili kikawa ndicho kiunganishi chao. Tulipata umoja, na neema hiyo haikanushiki. Gharama yake ilionekana baadaye: Eva-Marie Ström, aliyeandika tasnifu juu ya Kindengereko mwaka 2013, aliwakuta wasemaji wakihamia Kiswahili.

Wengine wamepita njia hii. Wagoa waliohamia Unguja walikuja na Kikonkani, lugha ambayo kwao India iliitwa na baadhi ya watu lahaja ya Kimarathi. Mwaka 1975 chuo cha fasihi cha taifa, Sahitya Akademi, kiliitambua kuwa lugha kamili. Mwaka 1987 ikawa lugha rasmi ya Goa, na mwaka 1992 ikaingizwa katika katiba ya India. Huko Ufilipino, Kiilokano kinaishi kando ya Kitagalogi kilicho kikubwa zaidi, lakini tangu mwaka 1934 kina jarida lake, Bannawag, la mashairi na hadithi. Lugha zote mbili zilisimama kwa kuwa zilikuwa na waandishi.

Kindengereko hakina jarida. Kinao wazee, na wazee hawangoji. Mkubwa hapungukiwi kwa kumtambua jamaa yake, na Kiswahili kilichokopa kwa Mwarabu, Mhindi na Mreno hakiwezi kuona haya kukopa kwa jirani wa Rufiji. Mshairi wa Kibiti anayezijua lugha zote mbili ana mali ambayo sisi wa visiwani hatuna. Na aandike kwa zote mbili, wakati bado yupo wa kumsahihisha.