Logi za maktaba za wengine: historia ya kelele moja ndani ya Maven

Wandugu, mimi nilisoma agronomia, haya mambo ya Java yalinikuta njiani. Nilikuwa naandika plagini ndogo ya Maven ya kukagua mafaili ya mipaka ya mashamba. Nikaweka -q ili inyamaze, lakini maktaba ya ramani niliyoazima iliendelea kumwaga mistari. Ndani ya zile kelele kulikuwa onyo moja la kweli: faili la .prj halipo. Sikuliona. Mashamba yakahama kwenye ramani, na wakulima wakaipokea hivyo hivyo.

Kumbe kelele ile iko na historia. Kazi iliyozaa log4j ilianza 1996, ndani ya mradi wa Ulaya ulioitwa SEMPER. Sun ikaleta java.util.logging pamoja na Java 1.4 mwaka 2002, wakati watu wengi tayari wamezoea log4j. Commons Logging ikataka kupatanisha, ikaongeza magomvi. Ceki Gülcü, baba wa log4j, njo akaandika SLF4J: maktaba inaongea na kiolesura tu, mwenye programu anachagua nani anaandika.

Maven ilikuwa inapa kila plagini Log yake, kwa getLog(). Sawa, lakini maktaba ya mtu mwingine itaijulia wapi? Kila mwandishi alijijengea daraja lake. Ni kwenye Maven 3.1.0, mwaka 2013, SLF4J iliingia katika kiini. Maktaba za SLF4J zikaanza kutii -q. Yangu ilikuwa ya java.util.logging, ile inaenda moja kwa moja kwa System.err.

Gradle yenyewe inakamata yote, hata System.out, inaiweka kwenye ngazi ya QUIET. Njo maana println yako inaonekana hata na -q!

Dawa yangu ilikuwa jul-to-slf4j: removeHandlersForRootLogger(), kisha install(), na uninstall() ndani ya finally, kwa sababu java.util.logging ni moja kwa JVM nzima. Usiweke slf4j-jdk14 pembeni yake. Ujumbe utazunguka hadi programu ianguke.

Halafu nikagundua: sasa -q inaficha hata onyo. Nikaitoa, nikaandika warn kwa ile maktaba katika conf/logging/simplelogger.properties. Ukabaki mstari mmoja, wa .prj. Kesho yake nikarudi kwa wakulima na ramani ingine.