Tarumbeta Haikuzaliwa Chini ya Mabati

Wasee wa Osiri, makelele mnayajua. Mashine za kusaga mawe ya dhahabu zinanguruma kutwa, halafu jioni bendi ya kanisa inaingia ukumbini, mabati juu, kufanya mazoezi. Ngoma tatu, kinanda, na spika moja iliyopasuka. Binamu yangu anapuliza tarumbeta humo na hajisikii hata kidogo, kwa hivyo anaongeza nguvu. Mwenzake naye anaongeza. Baada ya saa moja midomo imevimba, noti zimepanda, masikio yanalia, na wanaambiwa hawajui kupuliza.

Mimi nakataa. Shida ni historia.

Pembe za kwetu zilikuwa za nje. Wajaluo walipuliza oporo uwanjani, watu wamejaa boma zima. Tarumbeta za shaba nazo zilikuja na wanajeshi na wamisheni, tena za gwaride. Kule Pwani, Lamu na Mombasa, vijana walizichukua wakaunda Beni tangu miaka ya 1890, na vikundi kama Kingi na Skochi vikashindana. Vilishindana wapi? Barabarani! Hapo kelele ilikuwa na pa kwenda. Sisi tumeichukua ala ya barabarani tukaifungia ndani na ngoma.

Na tarumbeta hurusha sauti mbele, wakati masikio ya mpulizaji yako nyuma yake. Wamarekani waliwahi kulifikiria jambo hili. Katika vita vyao vya wenyewe kwa wenyewe, 1861 hadi 1865, bendi nyingi zilikuwa na ala zilizoelekeza sauti nyuma, juu ya bega, ili askari wanaofuata wasikie. Yaani waliuliza kwanza: nani anahitaji kusikia hapa?

Kwenye mazoezi, anayehitaji ni mpulizaji mwenyewe. Basi mtoe mbele ya ngoma, mgeuze aangalie ukuta mtupu, mita moja au mbili hivi, sauti imrudie. Tundika blanketi nzito nyuma ya ngoma. Kizibo cha sikio pia husaidia, kwa sababu sauti yako bado inakufikia kupitia mifupa ya kichwa, ingawa wengine wanasema inakuwa nyingi mno. Na mpiga ngoma apunguze, jameni. (Najua, hatapunguza.)

Alhamisi binamu alijaribu ukuta. Akajisikia vizuri kabisa, na akagundua kuna noti moja amekuwa akiikosea tangu Krismasi.