Kamari ya Simu na Mtoto Wako: Sheria Inamlinda Hadi Wapi?

Kama unalea kijana Kibara au kwingineko mkoani Mara, bila shaka umeshasikia maneno kama kubeti, mkeka na kindege. Yote yanahusu kamari inayochezwa kwa simu. Ukurasa huu unaeleza kwa nini kamari ni suala la afya, sheria ya Tanzania inasema nini kuhusu watoto, nchi jirani zimejaribu nini, na wewe mama au mlezi ufanye nini nyumbani, mahali ambapo sheria peke yake haifiki.

Kamari ya simu inachezwaje?

Mchezaji anatuma fedha kutoka kwenye akaunti yake ya pesa ya simu kwenda kwa kampuni ya kamari, kisha anacheza. Aina zinazojulikana zaidi ni hizi:

- Kubashiri mpira. Mchezaji anachagua mechi kadhaa na kutabiri matokeo. Orodha hiyo ndiyo mkeka. Mechi moja ikienda kinyume, mkeka umechanika na dau limepotea.
- Mchezo wa ndege, au kindege. Ndege inapaa kwenye skrini na kiasi cha fedha kinapanda nayo. Mchezaji anatakiwa atoe fedha zake kabla ndege haijatoweka. Raundi moja huisha kwa sekunde chache na nyingine inaanza papo hapo.
- Kasino ya simu. Hii ni michezo ya namba, karata na mashine za kuzungusha, ambayo zamani ilihitaji kwenda kwenye jumba la kasino.

Vijana wengi huamini kwamba anayeujua mpira atashinda. Tufanye hesabu pamoja. Chukua mkeka wa mechi tano, kila mechi ikiwa na nafasi nusu kwa nusu ya kwenda anavyotaka. Nafasi ya zote tano kutimia ni moja kati ya 32. Tuseme kila mechi inalipa mara 1.80 ya dau. Kwa Sh 1,000 atapata kama Sh 18,900 akishinda. Lakini akiweka mkeka wa aina hiyo mara 32, ametoa Sh 32,000, na kwa wastani atashinda mara moja tu. Yaani ameshapoteza zaidi ya Sh 13,000, hata kabla ya kodi. Hajapoteza kwa sababu hajui mpira. Malipo yamepangwa hivyo ili kampuni ibaki na faida.

Kwa nini hili ni suala la afya?

Shirika la Afya Duniani limeuweka uraibu wa kamari kwenye orodha yake ya magonjwa, toleo la 11, lililoanza kutumika Januari 2022. Umewekwa katika kundi moja na uraibu wa vileo na dawa za kulevya. Mtu mwenye tatizo hili hawezi kujizuia kucheza, anaitanguliza kamari mbele ya mambo mengine ya maisha, na anaendelea hata anapoona inamharibia.

Watoto na vijana wako hatarini zaidi. Sehemu ya ubongo inayomsaidia mtu kujizuia na kupima madhara ya baadaye huendelea kukomaa hadi miaka ya ishirini na kitu. Mwaka 2024, jopo la wataalamu lililoundwa na jarida la kitabibu la The Lancet Public Health lilikadiria kwamba miongoni mwa vijana wadogo wanaocheza kasino na mashine za mtandaoni, zaidi ya mmoja kati ya wanne huenda ana uraibu. Kwa wanaobashiri michezo, ni kama mmoja kati ya sita.

Madhara hayaishii kwenye fedha. Kuna kukosa usingizi, wasiwasi, sonona, ugomvi nyumbani, kuacha shule na, wakati mwingine, mawazo ya kujiua.

Sheria ya Tanzania inasema nini?

Kamari yenye leseni ni halali Tanzania Bara. Inasimamiwa na Sheria ya Michezo ya Kubahatisha ya mwaka 2003, ambayo ndiyo iliyounda Bodi ya Michezo ya Kubahatisha. Bodi hutoa leseni kwa maduka ya kubashiri, mashine, kasino na michezo ya mtandaoni. Kampuni isiyo na leseni ya Bodi inafanya kazi kinyume cha sheria.

Kwa mtoto, sheria iko wazi: aliye chini ya miaka 18 haruhusiwi kucheza kamari yoyote. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 nayo inasema mtoto ni mtu aliye chini ya miaka 18, na inampa mzazi au mlezi wajibu wa kumlinda. Kwa hiyo mwenye kibanda anayemruhusu mwanao wa darasa la saba kubashiri au kucheza mashine anavunja sheria, hata kama mtoto amekuja na fedha yake mwenyewe.

Serikali imejaribu pia kubana matangazo. Mwanzoni mwa mwaka 2019 matangazo ya kamari yalisimamishwa kwenye vyombo vya habari, baada ya malalamiko kwamba yanawavuta watoto. Baadaye yalirudi.

Nchi jirani zimejaribu nini?

*Uganda* ilitunga sheria mwaka 2016 iliyopandisha umri wa kucheza kamari hadi miaka 25. Januari 2019 ikatangazwa kwamba, kwa agizo la Rais Yoweri Museveni, kampuni mpya za kubashiri hazitapewa leseni na za zamani hazitahuishiwa. Pamoja na hayo, kubashiri kumeendelea nchini humo.

*Kenya* ilitumia kodi na leseni. Julai 2019 ilikataa kuhuisha leseni za kampuni 27 zikiwemo kubwa kabisa, na Safaricom ikatakiwa kufunga namba ambazo wachezaji walitumia kulipia kampuni hizo. Mwaka huohuo ikaweka kodi ya asilimia 20 kwenye kila dau, na SportPesa na Betin zikafunga shughuli zao nchini. Mwaka uliofuata kodi hiyo ikaondolewa, na kubashiri kukashika kasi tena. Agosti 2025 Rais William Ruto alitia saini sheria mpya ya kudhibiti kamari, kuchukua nafasi ya ile ya mwaka 1966.

Mbali na hapa, Uingereza ilipiga marufuku kucheza kamari kwa kadi za mkopo kuanzia Aprili 2020, ili watu wasicheze kwa fedha ambazo hawana.

Kuna jambo moja la kujifunza hapa. Tovuti ikifungwa, mchezaji anahamia nyingine, hata ya nchi za nje isiyo na leseni yoyote. Tangazo likisimamishwa, linapita kwenye makundi ya simu. Lakini fedha lazima zipite mahali fulani. Ndiyo maana Kenya iligusa namba za malipo, na Uingereza ikagusa kadi. Njia ya malipo ndiyo mahali ambapo kamari ya simu inashikika kwa urahisi zaidi, na nyumbani kwako njia hiyo ni akaunti yako ya pesa ya simu.

Sheria inaishia wapi?

Kwenye duka la kubashiri, mhudumu anaweza kumtazama mtoto usoni. Simu haioni uso, inaona laini. Tangu Januari 20, 2020, laini ambazo hazikusajiliwa kwa alama za vidole na namba ya kitambulisho cha Taifa zilianza kuzimwa, na kitambulisho hicho hutolewa kwa mtu wa miaka 18 na kuendelea. Kwa hiyo laini yenye pesa ya simu mara nyingi ni ya mtu mzima.

Tatizo ni kwamba katika nyumba zetu simu ina mwenyewe mmoja na mikono mingi. Mtoto anatumwa kwa wakala kutoa fedha, anatajiwa namba ya siri, anaizoea. Kaka mtu anasajili laini kwa kitambulisho cha mama. Mtoto akifungua akaunti ya kamari kwa laini yako, kampuni inamwona mama wa miaka arobaini, na sheria inayomlinda haina pa kumshikia. Ulinzi unaobaki ni namba yako ya siri.

Dalili za kuangalia

Dalili moja peke yake haitoshi. Lakini ukiona kadhaa kwa pamoja, chukua hatua:

- Fedha ndogondogo zinapungua kwenye simu, au kuna miamala usiyoikumbuka.
- Ujumbe wa malipo unafutwa, au simu inafichwa unapokaribia.
- Anakesha na simu, na asubuhi ana hasira au hataki kwenda shule.
- Anakopa kwa marafiki, au vitu vya nyumbani vinatoweka.
- Anacheza tena haraka ili "kurudisha" alichopoteza. Hii ni dalili kubwa.
- Anadanganya kuhusu fedha hata pale ambapo hakuna haja ya kudanganya.

Kwa familia za wavuvi wa dagaa, angalia zaidi siku za mbalamwezi. Kazi ya ziwani imesimama, fedha za giza ziko mkononi, na vijana wanashinda mwaloni bila shughuli.

Ufanye nini nyumbani?

1. Badilisha namba ya siri leo. Usitumie mwaka wa kuzaliwa wala namba ambayo watoto wanaijua. Ukimtuma mtoto kwa wakala, usimpe namba ya siri. Nenda mwenyewe au mtume mtu mzima unayemwamini.
2. Jua laini zilizo kwa jina lako. Piga *106# uone namba zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako. Ukikuta usiyoijua, nenda kwenye duka la mtandao husika ikafutwe.
3. Soma miamala kila wiki. Menyu ya pesa ya simu huonyesha miamala ya karibuni. Tazama pia kama kuna mkopo wa simu uliochukuliwa bila wewe kujua.
4. Zungumza kabla ya kukaripia. Chagua wakati mtulivu. Unaweza kuanza hivi: "Mwanangu, nimeona fedha zimekwenda kwenye kubeti. Sikupigi. Nataka kujua ilianzaje na kama kuna mtu unadaiwa." Mtoto anayeogopa kipigo ataficha deni, na deni linalofichwa hukua.
5. Mfanyie ile hesabu ya mkeka. Kaeni na karatasi muandike alichotoa na alichopata kwa mwezi mzima. Wachezaji hukumbuka siku waliyoshinda na kusahau siku nyingi walizopoteza.
6. Watu wazima wawe mfano. Baba au mjomba akimtuma mtoto amchagulie timu za mkeka, anamfundisha kamari.

Kama anayecheza ni mwenzi wako

Sheria haimkatazi mtu mzima kucheza, lakini unaweza kulinda fedha za chakula, ada na matibabu. Ziweke kwenye akaunti ambayo yeye hana namba yake ya siri. Usichukue mkopo wa kausha damu wala fedha za kikoba kulipa deni la kamari. Mtu mwenye uraibu akilipiwa deni bila kupata msaada, mara nyingi hurudi kucheza. Mshauri aende kwa mhudumu wa afya, kama ambavyo ungemshauri mgonjwa mwingine yeyote.

Msaada unapatikana wapi?

- Simu 116 ni huduma ya bure ya simu kwa mtoto. Mtoto, mzazi au jirani anaweza kupiga.
- Ofisa ustawi wa jamii wa kata au halmashauri anaweza kuzungumza na familia na kufuatilia.
- Dawati la Jinsia na Watoto katika kituo cha polisi, au mtendaji wa kijiji, hupokea taarifa za kibanda kinachochezesha watoto. Eleza mahali, siku na saa. Kama unajua jina la kampuni, litaje pia.
- Kituo cha afya au hospitali iliyo karibu nawe ndiyo mlango wa kupata rufaa. Mwambie mhudumu waziwazi kwamba tatizo ni kamari. Kwa wakazi wa Mara, hatua za juu zaidi ni hospitali ya rufaa ya mkoa, Musoma, na Bugando, Mwanza, yenye idara ya magonjwa ya akili. Matibabu ni hasa ya mazungumzo na ushauri nasaha, na uraibu huu unatibika.

Usisubiri kama mwanao au mwenzi wako anasema afadhali afe, anagawa vitu vyake, au anajifungia baada ya kupoteza fedha. Usimwache peke yake. Ondoa sumu za mashambani na dawa zote alipo, na mpelekeni hospitali siku hiyohiyo.

Mambo ya kukumbuka

- Chini ya miaka 18, kamari ni marufuku Tanzania, dukani na kwenye simu.
- Kwenye simu, umri unaoonekana ni wa mwenye laini.
- Namba yako ya siri inamlinda mtoto mahali ambapo sheria haimwoni. Ibadilishe, na usimpe mtu.
- Uraibu wa kamari ni ugonjwa. Anayeumwa anahitaji msaada mapema, kabla deni halijawa kubwa.