Moto Ulio Ndani ya Mwili

Leo turudi nyuma hadi tarehe 20 Oktoba 1968, mjini Mexico City. Mji ule uko mita 2,240 juu ya bahari na hewa yake ni nyepesi. Wakimbiaji wengi waliotoka nchi za tambarare waliishiwa pumzi. Kipchoge Keino, mzaliwa wa Nandi ambaye uwanja wetu wa michezo hapa Eldoret una jina lake, alikuwa akiumwa na nyongo. Hata hivyo alishinda mbio za mita 1,500 kwa dakika 3 na sekunde 34.9, akimwacha Jim Ryun wa Marekani nyuma kabisa.

Watu hupenda kusema ni ugali na mursik. Sikatai, lakini chakula ni kuni tu, na kuni bila hewa haziwaki. Huko Ufaransa, wakati wa baridi kali ya 1782 kuingia 1783, Antoine Lavoisier na Pierre-Simon Laplace walimweka simbilisi ndani ya chombo kilichozungukwa na barafu, wakapima maji yaliyoyeyuka. Wakaona kwamba mnyama yule hutoa joto kama makaa yanayoungua polepole. Lavoisier alidhani moto huo uko mapafuni. Sivyo. Uko ndani ya kila seli ya mwili, na mwaka 1937 Hans Krebs, akiwa Sheffield, Uingereza, alionyesha hatua ambazo chakula hupitia kikivunjwa humo ili kutoa nguvu.

Sasa, oksijeni hufikaje kwenye seli? Hubebwa na chembe nyekundu za damu, nazo haziundwi bila madini ya chuma. Eldoret iko zaidi ya mita 2,000 juu ya bahari, kwa hiyo mwili wako huhitaji chembe nyingi zaidi. Kipimo cha damu kinachomtosha mjamzito wa Mombasa huenda kisikutoshe wewe. Vile vidonge vya chuma unavyopewa kliniki usiviache kabatini.

Mtoto aliyepauka viganja na ndani ya kope, anayechoka upesi kuliko wenzake, asiitwe mvivu. Mpeleke apimwe damu, na minyoo pia. Nyumbani mpe maharagwe, managu, terere, na maini yakipatikana, pamoja na chungwa. Chai huzuia chuma kuingia mwilini, basi ingoje saa moja au mbili baada ya chakula, hata kama kuna mgeni.