Reli Inapokata Njia: Nani Alistahili Fidia?

Tunapozungumzia fidia ya reli, mara nyingi tunamfikiria mtu aliyenyang'anywa shamba. Insha hii inamtazama mwingine: yule aliyebaki na ardhi yake, lakini njia ya kuifikia ikaharibika. Hoja yangu ni kwamba sheria ya Uingereza ya karne ya 19 ilimtambua mtu huyu nusu tu.

Sheria za mwaka 1845 ziliziruhusu kampuni za reli kununua ardhi kwa lazima. Shamba likikatwa vipande viwili, kampuni ilipaswa kumjengea mwenyewe kivuko au daraja, isipokuwa amekubali kulipwa fedha badala yake. Ugumu ulianza kwenye barabara za umma. Kesi mbili za Uskoti dhidi ya kampuni ya Caledonian zinauonyesha.

Katika miaka ya 1850, mwenye ardhi aitwaye Ogilvy alidai fidia kwa sababu reli ilikata barabara karibu na lango lake. Mageti ya kivuko yakifungwa, ilimbidi asubiri. Baraza la Malodi, mahakama ya juu kabisa, lilimkatalia: kusubiri ni usumbufu wa kila mpita njia, hata kama yeye aliupata zaidi.

Mwaka 1882 ikaja zamu ya wenye kiwanda cha kusokota nyuzi mjini Glasgow. Ardhi yao haikuguswa. Hata hivyo, reli iliziba moja ya njia zao mbili za kwenda barabara kuu, na ya pili ikageuzwa na kuwa na mwinuko mkali. Safari hii Malodi walikubali fidia, kwani thamani ya mali yenyewe ilikuwa imeshuka.

Naielewa mantiki hiyo: kila anayesubiri treni akilipwa, reli haitajengwa. Lakini kivuko kinachofungwa mara kwa mara nacho hushusha thamani ya mali iliyo kando yake.

Kwetu Uganda, tuliorithi sheria ya Kiingereza, ibara ya 26 ya Katiba ya 1995 inalinda mali pamoja na haki juu ya mali. Je, njia ya kufikia duka ni sehemu ya haki hiyo? Kesi ya Glasgow inatupa sababu ya kujibu ndiyo. Basi kabla ya kuziba kivuko, wathamini wapime njia pia, wasiishie kwenye mipaka ya kiwanja.