Historia ya Ngome za Udongo katika Nchi Inayoizunguka Bukura

Bukura, mji mdogo wa Watsotso ulioko kusini-magharibi ya Kakamega na unaojulikana zaidi kwa chuo chake cha kilimo, umezungukwa na nchi inayomfaa msafiri wa mapumziko, kwa kuwa upande mmoja upo msitu wa Kakamega na jiwe refu la Ilesi, upande wa pili yapo mashamba ya miwa ya Mumias, na kaskazini, ng'ambo ya mto Nzoia, vipo vilima vya Webuye vyenye mabaki ya ngome.

Ngome hizo, ambazo Wabukusu huziita lukoba, zilikuwa vijiji vilivyozungushiwa ukuta wa udongo na handaki, yaani shimo refu lililochimbwa nje ya ukuta, huku udongo uliotolewa shimoni ukitumika kuuinua ukuta wenyewe. Watu waliingia kwa malango membamba yaliyozibwa usiku, nao walijenga hivyo kwa sababu karne ya 19 ilikuwa ya mashambulizi ya mara kwa mara kutoka kwa majirani waliotafuta ng'ombe.

Mgeni wa kwanza wa Ulaya kuzieleza ngome hizi kwa wasomaji wa mbali alikuwa Joseph Thomson, Mskoti aliyezaliwa Penpont mwaka 1858, mwana wa fundi mawe, ambaye kwao lilikuwapo jumba la ngome la Drumlanrig lililojengwa kwa mawe mekundu mwishoni mwa karne ya 17. Mwaka 1883 alifika Kwa Sundu, makao ya Wawanga yaliyopewa jina la Nabongo, yaani mfalme, Shiundu, ingawa wakati huo aliyetawala alikuwa mwanawe, Mumia. Makao hayo ndiyo yaliyokuja kuwa mji wa Mumias, kituo cha misafara iliyoelekea Uganda.

Mwaka 1895, mwaka uleule aliofariki Thomson, ngome za udongo zilijaribiwa kuliko wakati wowote. Serikali ya Waingereza ilidai bunduki zilizokuwa mikononi mwa Wabukusu, na kikosi cha askari wa Kisudani kilichotumwa kuzifuata kikauawa kwa sehemu kubwa, ndipo C. W. Hobley, afisa aliyekaa Mumias, akakusanya jeshi la Wasudani, Waganda, Wawanga na wengineo. Ngome ya Lumboka ilivunjwa kwanza, kisha ile ya Chetambe iliyo juu ya Webuye, ambako kuta zilizowazuia wenye mikuki kwa vizazi hazikuweza kustahimili bunduki ya Maxim, na watu wengi waliangamia.

Baada ya hapo wakazi walitawanyika wakajenga miji ya familia moja moja mashambani, kuta zikaachwa zioshwe na mvua, na mwaka 1920 makao ya utawala yakahamishwa kutoka Mumias hadi Kakamega. Hata hivyo kumbukumbu haikufutika, kwani mwaka 1947 Elijah Masinde, kiongozi wa Dini ya Msambwa, aliwaongoza maelfu ya wafuasi hadi Chetambe kuwaheshimu waliouawa, na mwaka uliofuata serikali ikamhamishia Lamu.

Ni kosa, basi, kudhani kwamba nchi isiyo na majumba ya mawe haina ngome za kutembelewa. Thimlich Ohinga, boma la mawe yaliyopangwa bila saruji huko Migori, liliingizwa katika Urithi wa Dunia mwaka 2018, na jiwe limelisaidia kusimama. Lakini handaki la udongo huhitaji ulinzi mkubwa zaidi, kwa kuwa jembe moja laweza kulifuta. Msafiri anayetoka Bukura akapita Mumias, akayaona makaburi ya wafalme wa Wawanga huko Matungu, kisha akapanda Chetambe, atakuwa ameifuata historia kwa mpangilio wake, na kila ziara ya namna hiyo huwapa wenyeji sababu ya kulihifadhi handaki hilo badala ya kulilima.