Ufyonzaji: Jokofu Linalopoza kwa Moto

Mokambo ni kituo cha mpaka kusini mwa Haut-Katanga, kinachotazamana na upande wa Mufulira nchini Zambia. Malori hupanga foleni hapo, na kutoka hapo barabara ya takriban kilomita 70 hukata ardhi ya Kongo hadi Chembe. Msafiri mwenye trela ndogo ya kulalia anaposubiri mihuri mchana wa Oktoba, injini ikiwa imezimwa, ndipo hujua kama alinunua frigo inayomfaa.

Katanga husema frigo, Dar es Salaam friji, vitabu huandika jokofu. Yote matatu hutaja kabati la baridi bila kueleza baridi inatoka wapi, na kwenye trela hilo ndilo swali lenyewe. Lipo jokofu la kompresa, linaloendeshwa na mota. Lipo pia jokofu la ufyonzaji, ambalo halina mota hata moja.

Hili la pili lilibuniwa Stockholm mwaka 1922 na wanafunzi wawili, Baltzar von Platen na Carl Munters. Ndani ya mabomba yaliyofungwa kabisa mna amonia, maji na hidrojeni. Moto wa gesi huchemsha mchanganyiko. Mvuke wa amonia hupanda, hupoa ukawa kimiminika, kisha huvukizwa tena karibu na chakula na kuchukua joto lake. Mwisho maji huufyonza mvuke huo, na safari huanza upya.

Kitenzi kufyonza kimechaguliwa vizuri. Kunyonya kungeweza kutumika, lakini tangu Azimio la Arusha la 1967 neno unyonyaji limebeba jasho la wakulima na wafanyakazi, na halifai tena kwa mabomba. Ila kinachofyonzwa hapa ni mvuke wa amonia, si joto la nyama wala hewa ya kabati.

Ukilielewa hilo, masharti ya matunzo yanajieleza. Vimiminika hurudi chini kwa uzito wake tu, kwa hiyo trela ikiegeshwa kwenye mteremko mzunguko husimama. Pimamaji ndogo sakafuni ni kifaa cha lazima. Matundu ya hewa nyuma yasizibwe. Masizi na utando wa buibui kwenye kichomeo visafishwe kabla ya safari, na moto uzimwe kabla ya kuingia kituo cha mafuta. Umeme wa volti 12 utumike injini ikiwa inazunguka tu, kwani jokofu hili humaliza betri kwa saa chache.

Kompresa huvumilia mteremko na joto kali, nayo hupumzika baridi ikitosha. Betri ya saa-ampea 100 huweza kuliendesha jokofu dogo la namna hiyo kwa siku moja hivi bila kushuka chini ya nusu. Paneli ya jua hurefusha muda huo. Kwa anayehama kila siku kwenye barabara za vumbi, kompresa ndiyo chaguo bora. Anayekaa juma zima chini ya kivuli kizito, mbali na umeme, atanufaika zaidi na mtungi wa gesi.

Aina zote mbili zipozwe usiku wa kuamkia safari, chakula kikae kwenye nyuzi 4 au chini yake, na mpira wa mlango ujaribiwe kwa kubana noti: ikichomoka bila kukwama, mpira umechoka. Jokofu la ufyonzaji likitoa harufu kali ya amonia au madoa ya njano nyuma, lizimwe, madirisha yafunguliwe, watu watoke. Mabomba hayo hayachomelewi kando ya barabara.